Kwangu Linapita, kwa Seva Linafeli

Maswali ya wasomaji kuhusu programu na kompyuta. Anayejibu anaishi Mkomani, Lamu. Kwa miaka 11 alikuwa mkaguzi wa programu mjini Mombasa.

SWALI: Assalamu alaikum dada. Mimi ni kijana wa Barani, Malindi. Tuko watu wanne katika kampuni ndogo, na kazi yetu ni programu ya kompyuta ambayo wanafunzi huitumia kuandikia programu zao za kwanza. Tumeijenga juu ya Eclipse, jukwaa la kutengenezea programu, kwa lugha ya Java. Mwaka huu nimekabidhiwa majaribio ya kiolesura: SWTBot, roboti ya majaribio, inafungua programu yetu, inabonyeza menyu, inaandika, inafunga, kama afanyavyo mtu. Nina majaribio 86. Kwenye laputopu yangu yanapita yote. Kwenye seva, inayoyaendesha kila siku saa nane usiku, leo yanafeli matano, kesho tisa, keshokutwa moja, na si yaleyale. Ujumbe ni mmoja tu: kijenzi (yaani kitufe, menyu au kitu kingine cha kwenye dirisha) hakikupatikana. Mara mbili seva imeganda mpaka asubuhi. Nimeweka bot.sleep(3000), yaani ngoja sekunde tatu, karibu kila mahali. Sasa mzunguko mzima unakula dakika 50 badala ya 12, na bado yanafeli. Mkubwa wangu amenipa njia mbili: jaribio likifeli lirudiwe mara tatu na likipita hata mara moja lihesabiwe limepita, au niyafute yote tuendelee na kazi nyingine. Nishauri dada, nimechoka.

JIBU: Wa alaikum salaam mdogo wangu, na pole kwa kukesha. Nakuomba usishike njia yoyote kati ya hizo mbili mpaka umalize kusoma jibu hili, na ukiweza msomee na mkubwa wako.

Hiyo njia ya kurudia mara tatu naijua. Kampuni moja niliyoifanyia kazi Mombasa tuliifuata zaidi ya mwaka. Tulikuwa na jaribio la kuhifadhi faili lililokuwa likifeli kama mara moja kwa wiki. Likirudiwa linapita, taa inakuwa ya kijani, na sisi tunakwenda zetu nyumbani. Tulilipa jina, tukaliita kigeugeu, na jina lilipozoeleka hakuna aliyejisumbua tena kuuliza kwa nini. Kisha wateja wakaanza kuleta mafaili yaliyokatika katikati. Mwalimu mmoja alipoteza alama za muhula mzima. Tulipofungua msimbo tukakuta programu ilikuwa inamruhusu mtu kufunga dirisha kabla faili halijamaliza kuandikwa kwenye diski. Jaribio letu lilikuwa limeliona hilo tangu mwanzo, linatuambia kila wiki, na sisi ndio tulioweka sheria ya kulinyamazisha. Sijaisahau sauti ya yule mwalimu kwenye simu. Kwa hiyo nikisikia jaribio linafeli mara moja moja, sisemi ni bovu. Nasema ni shahidi, na shahidi huulizwa ameona nini.

Uliponiandikia mara ya kwanza nilikuuliza kama majaribio yako yanaendeshwa na SWTBotJunit4ClassRunner. Ukasema ndiyo. Basi ushahidi ulikuwa nao siku zote bila kujua: kiendeshaji hicho kila jaribio likifeli hupiga picha ya skrini na kuiweka kwenye folda iitwayo screenshots. Ukanitumia picha 23 za wiki moja. Nilizifungua moja moja hapa barazani jioni yote, na nitakueleza nilichokiona, kwa sababu majibu yako mengi yamo humo.

Picha kumi na moja kati ya hizo zina jambo moja la ajabu, ambalo ukizoea kutazama haraka hutaliona. Dirisha la programu limekaa pembeni kabisa, juu kushoto, na halina fremu. Hakuna mstari wa juu wenye jina, hakuna alama ya kufungia. Kidirisha cha pili kimelala juu yake, nacho hakina fremu. Hii ina maana seva yako imewashiwa Xvfb, ile skrini ya kwenye kumbukumbu tu isiyo na kioo, lakini hakuna msimamizi wa madirisha. Kwenye laputopu yako yupo, hujawahi kumfikiria, maana alikuja na mfumo. Kazi yake ni kuamua dirisha lipi liko mbele na lipi linapokea kibodi. Asipokuwepo, kidirisha kinafunguka lakini hakuna anayelitangaza kuwa ndilo dirisha hai. SWTBot inauliza, dirisha hai ni lipi? Mara inajibiwa, mara haijibiwi. Hapo ndipo ujumbe wako wa kijenzi kutopatikana unapotoka: kijenzi kipo, kinaonekana kwenye picha, ila kinatafutwa ndani ya dirisha lisilo lake.

Dawa yake ni fupi. Washa Xvfb na uipe ukubwa wa kutosha, kwa mfano -screen 0 1920x1080x24, kisha kwenye DISPLAY ileile, yaani namba ya skrini hiyo, washa metacity au msimamizi mwingine mwepesi, mpe nafasi asimame, ndipo uanze majaribio. Ukubwa wa skrini usiudharau. Kwenye picha mbili kitufe cha Maliza kimeangukia nje ya skrini kwa sababu kidirisha ni kirefu kuliko kioo.

Uliniandikia juzi kwamba baada ya hilo tu, usiku wa kwanza yalifeli matatu na usiku wa pili mawili. Alhamdulillahi. Lakini usisimame hapo.

Sasa nizungumzie hiyo bot.sleep, kwa sababu ndiyo inayoniuma zaidi. Marehemu baba yangu alikuwa na mashua ya shehena kwenda Faza na Kizingitini. Kutoka hapa Lamu njia ya karibu ni mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yakipwa chombo kilichobeba mzigo hakipiti, kitakaa juu ya tope na mikoko ikikutazama. Nilipokuwa mdogo nikimuuliza, "Baba, tutaondoka saa ngapi?" jibu lake lilikuwa lilelile: "Maji yakifika." Saa mkononi alikuwa nayo, lakini saa ya kujaa husogea kila siku kama dakika 50, na maji ya bamvua, yanayojaa sana, si maji mafu. Angesema kila siku tunaondoka saa tatu, siku nyingine angewahi akakwama, siku nyingine angechelewa akiwa amekaa bure na maji yameshajaa zamani. Alichokitazama ni mizizi ya mkoko fulani pale mlangoni. Ikizama, twende.

bot.sleep(3000) ni kusema tunaondoka saa tatu. Seva ikiwa nyepesi usiku huo, umepoteza sekunde tatu bure, na ndiyo hizo dakika 38 zako. Seva ikiwa nzito, sekunde tatu hazitoshi na unakwama vilevile. Kwa kila mahali ulipoweka sleep, jiulize mkoko wako ni upi. Unangoja nini hasa? Kidirisha kifunguke? Tumia bot.waitUntil na Conditions.shellIsActive na jina la kidirisha. Kifungwe? shellCloses. Jedwali lipate safu tatu, kitufe kiamke? Masharti ya namna hiyo yapo tayari, na yasiyokuwepo utaandika mwenyewe kwa kurithi DefaultCondition.

Na ukiandika yako, tafadhali usiiache getFailureMessage na neno moja la kujaza nafasi. Andika kitu kitakachokusaidia saa nane usiku: "Mradi Somo1 haujaonekana kwenye orodha. Iliyopo ni:" kisha orodha yenyewe, jina kwa jina. Nimeona ujumbe wa namna hiyo ukiokoa siku mbili za kazi, kwa sababu orodha ilionyesha Somo1 ikiwa na nafasi tupu mwishoni mwa jina.

SWTBot ikingoja namna hii huangalia kila nusu sekunde, na hukata tamaa baada ya sekunde 5. Kwa seva yako sekunde 5 ni chache. Ongeza kwa -Dorg.eclipse.swtbot.search.timeout=20000. Hilo si sawa na kulala sekunde 20. Ni kikomo tu: kitu kikitokea mapema, mashua inang'oa nanga papo hapo.

Kuna jambo moja ambalo halionekani kwenye skrini nalo linangojewa. Eclipse ina kazi nyingi zinazokwenda kwa nyuma: kujenga mradi, kuorodhesha maktaba. Ukihifadhi faili kisha ukatazama mara moja kama alama nyekundu ya kosa imetokea, huenda ujenzi haujafika hapo. Usiangalie kioo. Iulize Eclipse yenyewe, kwa Job.getJobManager().join na ukoo wa kazi za FAMILY_AUTO_BUILD, irudi ikikwambia imemaliza.

Turudi kwenye picha. Sita zinaonyesha kidirisha kimoja kikiuliza kama unataka kuhamia mpangilio wa madirisha wa Java kwa kuwa umeunda mradi wa Java. Nyuma yake jaribio linatafuta menyu, nayo imezibwa. Uliniapia kwamba kidirisha hicho hujawahi kukiona kwenye laputopu yako. Umewahi kukiona, mdogo wangu. Ulikiona mara moja, siku ya kwanza, ukaweka alama kwenye "kumbuka uamuzi wangu" na ukakisahau. Laputopu yako inakumbuka. Seva kila usiku inapewa eneo jipya la kazi, yaani folda ambamo Eclipse huweka miradi na mapendeleo, haikumbuki chochote, na kwa hiyo inauliza. Ukurasa wa Welcome nao ni wa jamii hiyohiyo, hujitokeza kwa mgeni tu.

Watu wengi hapa hujaribu kuifanya seva ifanane na laputopu. Mimi nakwambia fanya kinyume: ifanye laputopu isahau. Kila unapoendesha majaribio nyumbani, ipe Eclipse eneo jipya la kazi kwa -data na folda ambayo haikuwepo. Mwanafunzi anayefungua programu yenu kwa mara ya kwanza ni kama seva, si kama wewe. Kisha mapendeleo unayoyahitaji yaweke mwanzoni mwa majaribio kwa msimbo, waziwazi, ili yeyote atakayesoma ajue jaribio linategemea nini. Welcome ifungwe kabla ya jaribio la kwanza, na kama haipo jaribio lisife kwa ajili hiyo.

Zimebaki picha sita. Tatu kati ya hizo zilinifanya niamke nikazunguka uwanja mzima wa nyumba. Ni kidirisha chenu cha Mradi Mpya. Jina limeandikwa, Somo1. Chini yake kuna maandishi madogo ya kijivu, "jina linakaguliwa". Na kitufe cha Maliza, pembeni kulia, kimeshaamka, kina rangi yake kamili. Jaribio lako limekibonyeza, kama lilivyoagizwa, na mradi umezaliwa bila kiolezo ndani yake, folda tupu. Hatua iliyofuata ikatafuta faili la Main na haikulipata.

Tazama tena. Jaribio halikukosea. SWTBot hukiangalia kitufe kama kiko hai kabla ya kukibonyeza, na kingekuwa kimelala ingengoja. Programu yenu ndiyo inayokiamsha kitufe kabla ukaguzi haujaisha. Laputopu yako ina kasi, ukaguzi unaisha kabla ya kidole kufika. Seva ni nzito saa nane usiku, inaendesha na kazi nyingine, na hapo ufa unaonekana. Sasa mfikirie mwanafunzi wa Garsen mwenye kompyuta kuukuu ya shule, anaandika jina na kubonyeza Enter haraka. Atapata folda tupu, atadhani amekosea yeye, na huenda asifungue tena. Ungeongeza sleep nyingine hapo, jaribio lingepita na mtoto yule angebaki na folda yake tupu. Ungerudia mara tatu, vilevile. Rekebisheni ukurasa wa kidirisha: setPageComplete(false) mara tu jina linapobadilika, na true pale tu ukaguzi uliporudi na jibu. Halafu jaribio lile liacheni kama lilivyo, bila kuligusa hata herufi.

Picha hizo tatu mpelekee mkubwa wako. Usimweleze kitu kwanza. Muombe atazame kitufe.

Tatu za mwisho ni vitufe visivyopatikana kwa sababu umevitafuta kwa maandishi yake, na programu yenu ina lugha mbili. Seva imewaka kwa Kiingereza, wewe unatafuta "Sawa". Wapeni vijenzi vyenu majina ya ndani kwa setData na ufunguo org.eclipse.swtbot.widget.key, mtafute kwa jina hilo. Tafsiri ikibadilika, jaribio halitajua. Sina zaidi ya kusema hapo.

Imebaki seva kuganda. Hii haikuacha picha kwa sababu halikufeli jaribio lolote, lilisimama tu. Eclipse, kama programu zote za SWT (maktaba ya Java ya kuchora madirisha), ina uzi mmoja pekee, yaani mkondo mmoja wa kazi (thread), wenye haki ya kugusa madirisha. Wahenga wetu wa pwani walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na SWT wamelishika neno hilo barabara: uzi mwingine ukigusa dirisha unafukuzwa na kosa la Invalid thread access. Jaribio lako linakaa kwenye uzi wake mwenyewe na kupeleka maombi kwa nahodha. Ukiendesha kwa Tycho, chombo cha kujengea na kujaribia programu za Eclipse, hakikisha useUIHarness ni true na useUIThread ni false. Ukiiacha true, jaribio linakalia kiti cha nahodha, na hakuna wa kuchora dirisha.

Kwenye msimbo ulionitumia mpangilio huo uko sawa. Lakini kuna msaidizi uliyemwandika mwenyewe wa kufunga kihariri (dirisha la kuandikia msimbo), anayetumia syncExec. syncExec inapeleka ombi na kusimama mpaka lijibiwe. Siku nyingi ombi ni "funga", linafungwa, mambo yanaendelea. Siku faili lina mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, kinafunguka kidirisha cha kuuliza uhifadhi au la. Kidirisha kinangoja mtu abonyeze. Wa kubonyeza ni jaribio, na jaribio limesimama likingoja syncExec irudi. Wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia, mpaka alfajiri. Tumia asyncExec, inayopeleka ombi bila kungoja jibu, kwa kila kitendo kinachoweza kufungua kidirisha, kisha ngoja kidirisha kitokee kwa sharti, kama tulivyosema. Ukitazama ndani ya SWTBot utaona nayo hubonyeza vitufe kwa njia hiyo, kwa sababu hiyohiyo.

Ikiganda tena, usiizime kwanza. Ingia kwenye seva, endesha jstack, amri inayoonyesha kila uzi umesimama wapi, na namba ya mchakato wa Java, uhifadhi maandishi yanayotoka. Tafuta uzi uitwao main, ambao kwa Eclipse ndiye nahodha, usome amesimama kwenye mstari gani, kisha tafuta uzi wa jaribio usome nao. Mistari miwili hiyo itakusimulia kisa chote. Na mwambie mwenye seva aweke kikomo, kwa mfano dakika 30, jstack ipigwe yenyewe kabla ya kuua mchakato.

Sleep zako usizitoe zote kwa mpigo. Kila siku chukua majaribio machache, toa sleep, weka sharti, acha usiku upite, soma picha asubuhi. Na niandikie ukifika 86.

SWALI: Shikamoo Bi. Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta, nyumbani ni Langoni, na kwa mradi wangu wa mwisho najaribu kihariri cha msimbo kwa SWTBot. Roboti inaandika mstari, inabonyeza Enter, inaandika mstari wa pili. Mara nyingine katikati ya msimbo linaingia neno ambalo sikuliandika. Mwenzangu yeye alama za nukuu na mabano zinabadilika kuwa alama nyingine kabisa. Tumeangalia msimbo wetu mara kumi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimbo wenu hauna tatizo. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Lako ni orodha ya mapendekezo. Ukiandika nukta baada ya System, kihariri kinafungua orodha ya maneno yanayoweza kufuata. Mtu huiona na kuamua. Roboti haioni. Ikiwa orodha imewahi kufunguka, ile Enter ya kushuka mstari inamezwa na orodha, nayo inakuchagulia neno la kwanza. Ikiwa haijawahi, Enter inashuka mstari kama ulivyotaka. Ndiyo maana leo ndiyo, kesho siyo. Jiulize jaribio lako linapima nini. Kama linapima kuhifadhi au kuendesha programu, usiandike herufi kwa herufi. Weka maandishi yote kwa setText, ambayo haipitii kibodi hata kidogo. Kama linapima orodha yenyewe, basi andika kwa typeText, ngoja orodha ionekane, kisha chagua kwa makusudi. Katika majaribio mengine yote zima mapendekezo ya kujifungua yenyewe kwenye mapendeleo.

La mwenzako ni ramani ya kibodi. Roboti haijui alama, inajua vitufe, na inatumia ramani kujua nukuu iko kitufe gani. Ramani ya SWTBot ikiwa ya nchi moja na mfumo wa kompyuta ukiwa wa nchi nyingine, kitufe kilekile kinatoa alama tofauti. Kibodi ya Uingereza na ya Marekani, kwa mfano, zimebadilishana mahali pa nukuu mbili na alama ya @. Aweke SWTBotPreferences.KEYBOARD_LAYOUT kuwa "EN_US" na kompyuta nayo aiweke kwenye kibodi ya Marekani. Zote mbili. Akibadilisha moja atakuwa amehamisha tatizo tu.

SWALI: Habari za kazi dada. Niko Watamu, majaribio yangu yanaendeshwa kwenye Windows iliyo ofisini, naingia kwa mbali. Nikiwa nimefungua yanapita. Nikifunga dirisha la kuingilia, yanafeli yote. Nikayaweka yawe huduma ya mfumo ili yasinitegemee, yakafeli yote tena.

JIBU: Nzuri kaka. Unapofunga dirisha lile, Windows huifunga na meza yako (desktop): mlango umefungwa, hakuna skrini inayochorwa, hakuna kibodi inayofika popote. Na huduma za mfumo, tangu Windows Vista, hukaa katika chumba chao wenyewe kiitwacho Session 0, ambacho hakina meza ya mtu. Programu inawaka humo, lakini hakuna wa kuibonyeza.

Mwendeshaji wa majaribio awe programu ya kawaida inayowaka baada ya mtumiaji kuingia, na mashine iwekwe ijiingize yenyewe kila inapowashwa. Zima kufunga skrini na zima kulala. Ukihitaji kuingia kwa mbali kutazama, usitoke kwa kubonyeza alama ya kufunga. Toka kwa amri ya tscon, uirudishe meza yako kwenye skrini ya mashine yenyewe, kwa haki za msimamizi.

Mtumiaji huyo mpe haki za majaribio tu, na nywila zake zisifungue kitu kingine chochote ofisini. Mashine inayojiingiza yenyewe iko wazi kwa yeyote atakayeketi mbele yake, kwa hiyo iweke kwenye chumba chenye kufuli.